Antonia na Samaki wa Eyasi

Jumanne, 3 Aprili 1979

Antonia amekula jicho la samaki sasa hivi! Nilikuwa nageuza samaki kwenye chanja juu ya moshi. Kutazama chini, naona kidole chake kimeingia kwenye kichwa cha perege, kinachokoa – halafu mdomoni. Akatafuna. Akanitazama kama mwenyekiti wa kijiji aliyemaliza hotuba. Sikujua nicheke au nilie. Nimecheka.

Jirani yangu Mama Milembe, mke wa mvuvi kutoka upande wa Mwanza, kasema mwache, mwenzio anajua pa kuanzia, wewe mkubwa bado unaanzia mkiani.

Wiki ya tatu hii tangu tushuke hapa ziwani. Nyumba ni miti na majani tu, inanuka samaki mpaka ndani ya shuka. Kwetu Endamarariek, juu milimani, samaki hawaliwi. Ni nyoka wa majini, ndivyo tulivyolelewa. Lakini mvua za mwaka huu zimejaza Eyasi, na pale mto unapoingia maji hayana chumvi, samaki wamezaana hao! Mume wangu Patrisi kajifunza kutega nyavu. Mimi nimemfuata kwa ajili ya Antonia. Tangu surua ya Desemba alibaki mifupa. Ana mwaka na miezi minne, kusimama hawezi. Nesi wa kliniki aliniambia maharage peke yake hayatoshi, mtafutie samaki. Nikamtafutia.

Alhamisi, 5 Aprili

Leo nimeaibika. Mama Milembe kawasimulia wanawake wote ufukweni jinsi nilivyopika samaki wangu wa kwanza. Ni kweli, siwezi kukana. Nilimchemsha kama nyama ya ng'ombe mzee. Tangu asubuhi mpaka jua la utosi, naongeza maji, naongeza kuni. Kufunua sufuria – hakuna samaki! Uji mweupe tu. Nilidhani kaibiwa. Nilitoka nje kabisa nikauliza nani kanifungulia sufuria yangu.

Wamecheka mpaka wengine wakakaa chini. Sasa jina langu hapa ni Mama Uji. Mama Uji, leo unapika au unayeyusha? Haya. Lakini Antonia aliunywa ule uji wote, akalamba na kijiko. Ndivyo alivyoanza. Waniite watakavyo.

Jumapili ya Matawi, 8 Aprili

Lori limeleta barua. Inatoka kwa mama mkwe wangu, Lukresia, kaandikiwa na katekista. Watu wamemfikishia habari. Anasema mtoto wa nyumba yake halishwi nyoka. Anakuja kabla ya Pasaka kumchukua Antonia, atamlea kwa maziwa kama alivyomlea Patrisi. Mimi nikitaka nibaki na mume wangu huku kwenye uvundo, tuzae mwingine.

Tuzae mwingine! Kama vile ni kuku.

Patrisi kaisoma mara mbili, kaikunja. Nikamuuliza utasemaje? Kasema, yule ni mama yangu, Katarina. Basi. Kachukua wavu kwenda kuushona, na wavu wenyewe nilikuwa nimeshaushona jana.

Natamani nimchukie yule mama. Siwezi. Wakati wa surua ndiye aliyembeba Antonia mgongoni mpaka kliniki Karatu, kwa miguu, mvua inanyesha, mimi nyuma nalia tu. Alikuwa anamwimbia njia nzima ili asilale.

Jumanne, 10 Aprili

AMESIMAMA! Kashika nguzo ya chanja, kajivuta, kasimama. Magoti yanacheza. Nimehesabu mpaka kumi na nne. Kaanguka, kacheka, kajivuta tena.

Mungu wangu, usiruhusu achukuliwe sasa.

Alhamisi Kuu, 12 Aprili

Amefika. Ametembea kutoka barabarani peke yake, kanga ya kubebea mtoto iko begani, tayari. Nikamkimbilia nikimwita mama kwa Kiiraqw, Ayo, karibu. Kaitikia salamu. Ndani hakuingia. Kasema huko watu wanapumuaje? Kachagua mahali upepo unakotokea, kapanga mafiga yake matatu, kapika maharage yake kwenye chungu alichokuja nacho. Usiku huu kasema atalala hapohapo nje, na Patrisi kamkokea moto.

Antonia hakumsahau. Alimtambaia moja kwa moja, kapanda mapajani. Bibi kamshika paja, kabonyeza. Kashika mkono, kabonyeza. Kapapasa mbavu, moja moja. Halafu kamwambia Patrisi kwa Kiiraqw kwamba lori linapanda kesho saa nane mchana, na yeye na mjukuu wataondoka nalo.

Patrisi katazama maji.

Ijumaa Kuu, 13 Aprili

Yapata saa sita. Nimekaa nyuma ya nyumba. Nimefunga nguo za Antonia: gauni mbili, sweta, kile kikofia. Sabuni hakuna mwezi mzima, nimezifua kwa majivu. Asije mtu huko akasema mama yake mchafu.

Asubuhi nilimwendea. Nilipiga magoti, nikasema Ayo, wewe ulimbeba akiwa hawezi hata kukaza shingo. Sasa mtazame. Ukimchukua, mchukue, lakini huko juu mpe samaki, nitakufungia wakavu. Kasema, kwenye chungu changu? Nikasema chukua sufuria yangu. Kacheka kwa uchungu, kasema na atampikia nani, mimi? Kitu hicho mimi hata kukigusa siwezi, nywele zinasimama.

Patrisi alikuwa amesimama hapo. Safari hii kasema. Mama, atakonda tena. Hayo tu. Sauti yake ilikatika. Bibi kamwambia nyamaza, mwanamume halii Ijumaa Kuu. Patrisi kaenda mtoni, bado hajarudi.

Sasa huko mbele Bibi anamlisha maharage. Namsikia Antonia anakataa. Anatema. Bibi anambembeleza, anatema tena. Nimechungulia. Kashuka mapajani, kashika nguzo ya chanja, kanyofoa kipande cha perege, na – amepiga hatua! Mbili, tatu, bila kushika kitu, anampelekea bibi yake! Bibi kapiga kelele, weka chini takataka hiyo! Mtoto analia kwa sauti ya kuvunjika moyo.

Nilitaka kwenda. Nikabaki nakaza fundo la nguo zake.

Kilio kimekwisha. Namsikia Bibi anaongea polepole, kama mtu anayeongea na ndama mgonjwa. Haya. Haya, lete. Ngoja, usimeze. Fungua mdomo nione. Ngoja, nimekwambia.

Mama Antonia! Ananiita. Anasema acha hicho unachofanya, njoo upesi unionyeshe, kitu hiki kina miiba kila mahali, natoa huku inabaki kule, na mtoto anadai kingine. Naenda.