Naomba Fremu Iwe na Ufa

Rubondo, Alhamisi. Mvua ya asubuhi imekatika, jua limetoka, matope yamening'ang'ania viatu. Nimekaa nyuma ya nyumba naandika kwa simu yenye chaji kidogo, na moyo wangu hauko mahali pake.

Niseme hapa kwa sababu kanisani siwezi kusema: leo nimemwomba Mungu anipe ufa.

Siyo ufa wa ukuta. Ufa wa baiskeli.

Kwa anayesoma bila kunijua, mimi ni shemasi, nachuuza maharage, na kila wiki napeleka gunia Kaberebere kwa baiskeli yangu ya chuma. Mwezi uliopita, nikiwa na gunia langu nyuma, nilimpita kilimani mwanajeshi aliyepanda baiskeli ya mashindano. Nilimpita kweli, sikuota. Baadaye alinieleza kwamba siku ile tumbo lilikuwa linamsokota na alikuwa anajikokota tu afike nyumbani. Maelezo hayo yalichelewa. Habari nilikuwa nimeshaifikisha Rubondo mimi mwenyewe, na haikuwa na tumbo ndani yake.

Mwanajeshi huyo anaitwa Koplo Bosco, anakaa na familia yake kambini Mbarara. Mtu mzuri, anapenda mbio kuliko chakula. Alinialika kwenye mashindano ya Jumamosi hii, kutoka Mbarara hadi Kaberebere na kurudi. Alipokitazama chuma changu akasema nikikimbia na hicho nitafika Jumapili, ibada ikiwa imekwisha. Basi akanipa fremu yake ya zamani, ya kaboni. Magurudumu na usukani ataniazima siku yenyewe. Na mimi nikampa mbuzi.

Mbuzi wa mke wangu.

Hapo pananiuma kupaandika. Mama Neema alimlea mbuzi huyo tangu akiwa hajui kusimama. Nilimwambia ni kubadilishana kitu kwa kitu, akakubali kwa shingo upande. Fremu ilipofika aliinyanyua kwa kidole kimoja, akaizungusha, akaniangalia. Akasema, "Mbuzi yangu ilikuwa na uzito." Toka siku hiyo chakula napewa, maneno sipewi.

Lakini Koplo ni mtu wa haki. Aliniambia wazi kwamba aliwahi kuanguka na fremu hiyo kwenye kona. Yeye haoni kasoro, ila nikague mwenyewe, kwa sababu kaboni si chuma. Chuma kikichoka kinapinda kwanza, unapata taarifa. Kaboni haitoi taarifa, inakatika tu wewe ukiwa katikati ya mwendo. Tukapatana hivi: nikipata ufa, nirudishe fremu kabla ya Jumamosi na mbuzi arudi nyumbani. Nisipopata, Jumamosi jioni, mbio zikiisha, mbuzi anaingia sufuriani.

Yaani Jumamosi ni siku yangu na ya mbuzi.

Mwanzoni niliikagua fremu kama mtu anayetaka kushindana. Nilikuwa najiona, nikitembea hata miguu yangu naisikia ni ya mshindi. Kisha Jumanne nikaenda kuuangalia mteremko tutakaoshuka, nikasimama pembeni ya barabara. Wakapita watu wa mbio wakifanya mazoezi. Kusema kweli sikuwaona vizuri. Nilisikia upepo, na nilipogeuza shingo walikuwa wameshakuwa wadogo kule chini. Nilikumbatia mti, sikuuachia mpaka barabara ikawa tupu.

Tangu Jumanne nakagua kama mtu anayetaka ufa.

Jana nilifuata mafundisho ya Koplo. Nilimulika kila bomba kwa tochi, kisha nikapitisha pamba taratibu, kwa maana pamba hunasa penye ufa hata kama jicho halioni. Karibu na mahali pa usukani ikanasa. Nikaita mke wangu kwa sauti ambayo mtu huitia watu kwenye moto. Akaja, akainama, akakwaruza kwa ukucha, ikabanduka. Ulikuwa ugali uliokauka. Akarudi jikoni.

Leo, mvua ilipoisha, Papa Samweli, mwimbishaji wa kwaya yetu, alikuja kuniona nimefikia wapi. Kwaya ina wimbo tayari wa ushindi wangu, na ubeti wa pili unataja kikombe. Nilimwomba aongeze ubeti wa majeruhi, ikiwezekana na wa wajane. Alicheka mpaka akajifuta macho, maana alidhani ni utani.

Kumbe kicheko chake kilimtoa Mama Neema jikoni. Hapa lazima nimweleze mke wangu. Akina mama wa huku, wakienda soko la Kaberebere kununua chungu, hawaendi bila yeye. Anakiinua chungu, anakigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. Chungu kizima kinaimba, chenye ufa kinakohoa. Sijawahi kusikia amekosea, na wauzaji wakimwona anakuja huanza kupanga upya vyungu vyao.

Akasema, "Lete hiyo kadre niigonge." Kadre ndiyo fremu, sisi tuliotoka Kongo tunaiita hivyo.

Akaipakata mapajani kama mtoto. Akagonga bomba la juu: ti. La chini: ti. La nyuma: ti, ti. Akafika kwenye bomba la kiti.

Pu.

Akagonga tena, ameinamisha sikio. Pu.

Nilitaka kuruka. Nikajibana, nikavaa uso wa msibani. Mke wangu hakujibana. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kamba ya mbuzi iliyoning'inia mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu mbuzi aondoke nikaona meno yake. Papa Samweli alikaa chini, akauliza kwa sauti ndogo kama ule wimbo unaweza kutumika kwenye harusi.

Ningekuwa na akili ningeifunga fremu hapo hapo nikaanza safari ya Mbarara. Lakini Mama Neema hafanyi kazi nusu. Kwetu chungu kikikohoa hakihukumiwi mpaka kitiwe maji. Unakijaza, unangoja, na ufa unajitaja wenyewe kwa kutoa jasho nje. Kwa hiyo akaziba kwa vitambaa tundu la chini, pale panapoingia ekseli ya pedali, akachukua kikombe, akaanza kuinywesha fremu ya mashindano maji ya kisima.

Tulingoja, watu wazima watatu, tumechuchumaa tukitazama baiskeli isiyo na magurudumu.

Tone likadondoka. Nikasema inavuja. Nililisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mama Neema akapitisha kidole chini, akapapasa, akatikisa kichwa. Kilikuwa kitundu cha mviringo, safi, kimetobolewa na waliotengeneza ili maji ya mvua yatoke. Ufa haujui kuwa mviringo.

Kisha akachomoa vitambaa. Yakatoka maji mekundu kama ya mtaro, yakafuata mabonge ya udongo, na mwisho mbawa za nyigu. Nyigu walikuwa wamejenga ndani ya bomba la kiti wakati fremu imelala stoo ya Koplo. Nyumba nzima, na vyumba vyake. Akamwaga maji mengine, akatikisa, akamwaga tena mpaka yakatoka meupe. Akapangusa kwa kitenge. Akagonga.

Ti.

Papa Samweli akainuka, akasema hiyo ndiyo sauti ambayo kwaya huanzia, akaondoka mbio kwenda kuwaambia wenzake. Sikuweza hata kumuaga.

Tukabaki wawili. Nikamsogelea mke wangu, nikamwambia polepole kwamba kule kambini hakuna anayejua mambo ya kugonga. Tukisema ilikohoa si uongo kabisa, kwa maana ilikohoa, na yeye ni shahidi. Mbuzi angelala nyumbani kesho. Aliitazama kamba muda mrefu. Nilimwona anavyomtaka mbuzi wake, nikaona haya kwa kumjaribu, lakini sikuyarudisha maneno yangu.

Akasema, "Bamama banafwataka mukono yangu soko yote. Leo niidanganyishe juu ya mbuzi?"

Yaani mkono ambao akina mama wote wanauamini sokoni hautasema uongo kwa sababu ya mbuzi. Akaweka fremu chini, akanitazama vizuri.

"Unaogopa?"

Nikasema ndiyo, ninaogopa sana. Nilingoja acheke. Hakucheka. Alisema na yeye anaogopa, na ameogopa tangu Jumanne aliponiona narudi na majani ya mti kwenye koti. Nikasikia raha ya ajabu. Nimekuwa shujaa wiki nzima kwa kwaya yote, na kazi hiyo inachosha.

Kisha nikampigia Koplo. Simu yangu inasikika kwa spika tu, kwa hiyo mke wangu alikuwa anasikia kila kitu. Nikamwambia fremu ni nzima. Akafurahi, akaniambia nilale mapema na nile ndizi. Ningekata simu hapo ningekuwa salama. Lakini Mama Neema alikuwa ameshika ile kamba, anaikunja taratibu kama mtu anayekunja nguo za msafiri asiyerudi, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema, "Afande, nikikupita Jumamosi, mbuzi arudi."

Koplo alicheka mpaka nikasikia mtu mwingine anamuuliza kuna nini.

Akasema, "Sawa mzee. Wewe ukifika mbele yangu, unachukua mbuzi yako. Lakini Jumamosi mimi tumbo yangu iko fiti."

Nilikata simu. Nilitegemea mke wangu aseme kitu, hata anitukane kidogo. Yeye alichukua panga, akashuka bondeni.

Amerudi sasa hivi. Amebeba mzigo wa majani mabichi, yale laini ambayo mbuzi wake huyapenda, ameyalaza kwenye kivuli kando ya kigingi kitupu, na anayanyunyizia maji yasinyauke kabla ya Jumamosi jioni.

Nilikuwa nimepanga kushika breki mteremko mzima. Sasa nitaishikaje?