Daftari la Chembe za Chuma

Paskalina mwanangu,

Hanang nzima inajua kwamba sayansi iliingia ukoo wetu kupitia kwangu, mjomba wako, mtu wa darasa la sita ambaye hata bwana shamba huja kumuuliza kama mvua itanyesha. Ndiyo maana nimechukizwa. Nimechukizwa hadi ugali haupiti.

Tulipomaliza kukuzika hapa Nangwa, baba yako mdogo Tluway alisimama akasema daktari ametudanganya. Eti siyo homa ya mapafu, ni vile vyuma ulivyosomea chuoni, vimeingia kwenye damu yako na sumaku ikavivuta. Watu wazima wakatikisa vichwa kukubali! Akataka daftari lako la utafiti lichomwe.

Nikawaeleza kama ulivyonieleza shambani, likizo ile, mimi nimeshika plau na wewe unaongoza maksai. Kwamba chembe hizo za chuma, ndogo kuliko vumbi, zikitiwa kwenye damu, mashine itaona damu inapopita. Sumaku inazigeuza huku na huku. Ikigeuza polepole, zote zinafuata, ila mashine inazisikia kwa mbali. Ikigeuza haraka, zinasikika vizuri, lakini zile kubwa zinachelewa na picha inaingia ukungu. Ulisema, "Mjomba, ni kama maksai wako. Ukiwakatisha kona haraka, yule mkubwa anabaki nyuma na mstari unapinda." Wewe ulikuwa unatafuta mwendo unaofaa kila ukubwa. Tena ulipima kwenye vichupa tu. Hakuna damu ya mtu, wala yako.

Tluway akacheka. "Shemeji, darasa la sita ndilo linatufundisha damu?"

Mwanangu... nilimwambia maneno ambayo padre hakupenda. Daftari nikalichukua mbele yao, na kesho yake nikapanda basi hadi Mbulu, kwa yule mwenzako mliyekuwa mnapima naye. Alilia. Amesema atamalizia vipimo ulivyoacha, na jina lako litatangulia kwenye andiko.

Pumzika, Paskalina. Andiko lenu likitoka nitamsomea Tluway lote, hata kama ni neno moja kwa siku, hadi anyamaze.

Ila jambo moja libaki kwetu wawili. Nimewatukana wote kwa woga wao, na daftari lako nililibeba njia nzima nikiwa nimevaa glovu za kuogeshea ng'ombe.

Mjomba wako