Karafuu Iliyolia Jikoni

Paleohori, wiki ya kuvuna pamba

Dada yangu mpenzi Stamatia,

Nakusalimu kwa salamu za nyumba nzima: zangu mimi mdogo wako, za Vayo mume wangu ambaye goti limemrudia, na za mbuzi wawili tuliobaki nao. Hujambo, dada? Kifua kimepona? Na shemeji, bado anavuta sigara nyuma ya gereji akidhani hujui? Wabusu wajukuu, uwaambie bibi yao mdogo anawakumbuka ingawa wananijua kwa picha tu. Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu na Mama Mtakatifu. Pamba imefunguka vizuri na mvua imetuhurumia.

Najua utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu yangu iko jikoni, na jikoni kwangu kuna masikio. Haya nitakayokueleza hata Vayo hayajui yote. Na ukiona karatasi ina madoa usishtuke, utaijua sababu yake.

Nianze na habari kubwa. Huko Melbourne nadhani mmesikia kwamba tumenunua ndege mpya za vita kutoka ng'ambo. Bunge lilibishana, na wazee wa mkahawa wa Kleanthi wakabishana kulishinda bunge. Kleanthi alisema fedha zile zingempa kila mkulima wa bonde hili trekta. Mimi nilikuwa mlangoni na mkate wangu mkononi, nikamuuliza siku adui akija atamfukuza kwa trekta. Akaniuliza tangu lini nimekuwa Waziri wa Ulinzi. Nikamjibu, "Tangu Zisis wangu alipochaguliwa kuzirusha."

Mkahawa wote ukanigeukia, dada. Hata waliokuwa wakicheza karata waliziweka chini.

Ndiyo, Zisis wetu, yuleyule uliyemnunulia baiskeli ulipokuja kututembelea. Katika marubani wote wa nchi hii amechaguliwa yeye peke yake aionyeshe ndege mpya kwenye maonyesho makubwa ya ndege, kule uwanja wa jeshi nje ya Athene, mbele ya waziri, majenerali na wageni wa mataifa. Aliniomba nisimwambie mtu mpaka siku yenyewe ipite. Nami sikumwambia mtu, isipokuwa mwoka mikate, padri wetu Papa Foti, dada wa duka la dawa, na kijana anayesoma mita ya umeme. Vayo akasema, "Mke wangu, hata mbwa wa jirani sasa anajua." Lakini mama afanye nini? Mwanao ana macho ya tai na mabega kama mlango wa kanisa, nawe ukae umefunga mdomo kama mtungi?

Macho kayatoa kwangu, unajua. Haya ya buluu ya baba. Daktari wa macho wa Larisa aliniambia mwaka huu kwamba hajapata kuona buluu kama hii kwa mwanamke wa umri wangu, na yule daktari si mtu wa maneno mengi.

Basi shida zikaanza. Siku moja walitualika familia kambini tukaione ndege. Dada, ni nzuri. Ni ya kijivu kama njiwa, ina pua ndefu kama ya shangazi Olimbia, ila kwake imependeza. Niliizunguka yote nikaipapasa, nikatangaza kwa sauti kwamba tangu nizaliwe sijaona kitu kizuri kama hicho. Jioni ileile walipoitoa kuijaribu, tairi likapasuka.

Baada ya hapo Zisis alipita juu ya kijiji akienda mazoezini. Nilipanda juu ya trela nikampungia shuka la kitanda, lile lenye maua, ili anione. Hajafika mlimani, korongo akajigonga kwenye ndege. Ndege ilirudi salama. Korongo hakurudi.

Halafu, siku chache kabla ya maonyesho, alimtumia baba yake video ya ndege ikiwa imepakwa rangi za bendera mkiani. Niliitazama video ile, nikairudia na kuirudia, mpaka simu ikaisha chaji. Kesho yake injini ikagoma kuwaka. Mafundi wakaifungua, wakaifunga, hawakuona kitu.

Hapo mkuu wa kikosi akasema neno la mwisho. Ikigoma tena siku ya maonyesho, itaruka ndege ya zamani na rubani wa kikosi kingine, na nafasi ya Zisis itakuwa ya huyo moja kwa moja. Zisis akanipigia kunieleza. Sauti yake ilikuwa ndogo kama siku ile alipoivunja baiskeli yako. Alisema, "Mama, hiki ndicho kitu pekee nilichowahi kukitaka." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mama yake yupo. Nilipokata simu nikakaa juu ya gunia la viazi.

Nilijua ni jicho baya, lile linalopiga kitu kizuri kikaharibika. Na nilijua ni jicho la nani: la Asimina, jirani yangu. Nani mwingine? Mwanawe ni daktari wa meno, na tangu Zisis achaguliwe hakuna anayeuliza tena habari za meno. Basi nilikuwa nimeshaacha kumsalimia, nikamwagia chumvi kizingiti chake, na wanawake wa kanisani nikawadokeza. Siku moja aliniita kupitia ua akaniuliza, "Evanthia, nimekukosea nini mwenzangu?" Nikamjibu, "Yaulize macho yako." Macho ya Asimina, dada, ni ya kahawia, kama ya ng'ombe mpole. Tangu zamani tunaambiwa jicho la kuogopwa ni la buluu, lakini mtu akiwa na hasira haangalii rangi.

Nikaweka bakuli la maji mezani, nikasoma kimoyomoyo sala ile aliyonifundisha baba, nikadondosha mafuta. Tone likayeyuka kama sukari ndani ya chai. Nikapiga miayo mpaka taya likalia. Basi jicho lilikuwepo, tena kubwa. Nikasema sasa nimshike mwenyewe. Nikawasha mshumaa, nikachukua karafuu kama alivyokuwa akifanya bibi: unaichoma na sindano, unaiweka kwenye moto, unataja jina. Karafuu ikilia, mwenye jicho umempata.

Nikamtaja Asimina. Karafuu ikaungua kimya. Nikasema hii ina unyevu, nikachukua nyingine, nikamtaja Asimina tena pamoja na jina la baba yake. Kimya. Nikamtaja Kleanthi na matrekta yake. Kimya. Nikamtaja mama wa yule rubani mwingine, ambaye simjui hata kwa sura. Nikamtaja waziri. Mungu anisamehe, nikamtaja na Papa Foti, kwa sababu siku ya kubariki maji alimkodolea Zisis macho muda mrefu. Hakuna iliyolia. Jiko lote likanuka kama chumba cha mtoto wa Asimina cha kung'olea meno.

Ikabaki karafuu moja. Nikainua uso, na kwenye sufuria ya shaba iliyoning'inia ukutani nikaona macho mawili ya buluu yananitazama. Nikasema kwa mzaha tu, kumaliza kazi, "Evanthia binti Thoma."

Ikalia pa! Ikaruka kutoka kwenye sindano mpaka juu ya jiko.

Dada, nilikaa pale mshumaa ukiisha. Nikakumbuka maneno ya bibi, kwamba jicho linalochukia hugonga mlango, ila jicho linalopenda mno lina ufunguo. Siku ya tairi, nani alikuwa akiitazama? Siku ya korongo, nani alikuwa juu ya trela na shuka? Na ile video? Mwanangu ana maadui wangapi duniani sijui, lakini aliyekuwa akimwangusha ni mimi.

Nikaamua siku ya maonyesho niugue. Vayo akasema nisipokwenda kijiji kizima kitasema mtoto amefukuzwa kazi. Basi tulikwenda kwa basi la kukodi, tukiwa na bendera dirishani na nyama za kukaanga kwenye mikebe. Hata Kleanthi alikuja, yeye wa matrekta, tena amefunga tai. Mimi nilivaa miwani myeusi ya duka la dawa na macho nikayaelekeza kwenye viatu vyangu. Watu wakadhani natafuta kitu.

Uwanjani walitusogeza familia mpaka kwenye kamba, karibu kabisa na ndege. Zisis alikuwa ameshaketi ndani. Mkuu wa kikosi akaja na waziri, akasema, "Mama, bila shaka unajivunia mwanao." Watu wote wa Paleohori wakageuka. Kleanthi akashusha pumzi, akaweka mfuko wake chini, kama mtu anayejua hotuba itakuwa ndefu.

Nikasema, "Si haba. Anajitahidi. Ila kupika hajui, na soksi zake anazisukumia chini ya kitanda."

Mkuu akacheka, kisha akaona sicheki. Waziri, ili kuokoa mazungumzo, akaniuliza ndege nayo naionaje. Nikamwambia, "Mbaya. Kama kunguru aliyelowa. Mmeuziwa takataka." Na pale pale, mbele ya wageni wa mataifa, nikaitemea mate mara tatu, tfu, tfu, tfu, kama bibi alivyokuwa akifukuza jicho. Mate ya kweli, dada, si ya kuigiza, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la kweli. Upepo ukaamua vingine, sehemu ikatua kwenye kiatu cha waziri.

Askari mmoja akanijia. Jenerali mzee aliyekuwa nyuma akamzuia kwa mkono, akasema, "Mwache. Hata mama yangu alikuwa akinitemea." Waziri akatazama kiatu chake, akaitazama ndege iliyotugharimu ile, kisha akageuka pembeni, naye akatema kidogo.

Nikachukua kiti changu nikakigeuza, nikakaa nimekabili vyoo. Vayo akaniuliza kama nimepata kichaa. Nikamwambia anyamaze atazame. Nikangoja. Nilisikia kama mluzi, halafu kimya, na kimya kile sitakisahau. Kisha injini ikaunguruma mpaka vijiko vikacheza ndani ya mikebe yetu.

Watu wote walisimama. Mimi nilibaki kwenye kiti, mikono mapajani, nikitazama mlango wa choo cha wanawake. Mara mtu akaburuta kiti akakaa kando yangu, yeye akiwa amekabili upande wa ndege. Alikuwa Asimina. Nikamwambia kila kitu, chumvi na karafuu na jina lililolia. Nikamwomba msamaha. Nikadhani ataondoka. Badala yake akanishika mkono, akaanza kusema polepole, kama mtu anayemsomea kipofu barua:

"Ameondoka chini. Anapanda. Anapanda tu, huyu mtoto hana breki. Sasa amelala ubavu. Sasa yuko kichwa chini, Evanthia, mjinga huyu yuko kichwa chini. Amenyooka. Usigeuke. Amenyooka, nakwambia, tulia."

Hivyo ndivyo nilivyoyaona maonyesho, dada. Hilo ndilo ninalolificha. Mimi niliyewachosha watu wa bonde zima, sikuona hata kivuli cha ndege. Niliona mlango wa choo, nikasikia sauti ya mwanamke niliyemchafulia jina.

Alipotua alipita taratibu mbele ya watu, kioo kimefunguliwa. Baadaye alikuja, shati limelowa jasho, akanikumbatia mbele ya wenzake bila aibu. Nilitaka kudanganya kwamba nimemwona. Nikashindwa, nikamwambia ukweli. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema, "Najua, mama. Nilipokuwa napita, nyuso zote zilinielekea mimi, na kati yao kilikuwepo kisogo kimoja. Nikajua huyo ni wangu."

Nafasi ameipata. Mwakani ataruka pia nje ya nchi, na mimi siendi. Kijijini nimekuwa mtu mwingine. Kleanthi aliponiuliza maonyesho yalikuwaje, nikamjibu si haba. Watu wakaingiwa na wasiwasi, na jioni Papa Foti akaja na mafuta matakatifu kuniombea. Asimina nimempelekea jamu ya tini, naye kanirudishia mtungi umejaa zeituni. Meno ya Vayo sasa yanatazamwa na mwanawe, ambaye, niseme haki, ana mikono myepesi.

Sasa ombi langu. Humu nimekuwekea picha zilizotoka gazetini, na Zisis atawatumia wajukuu video nzima. Wewe una macho ya mama, ya kahawia, yasiyodhuru mtu. Kaa chini siku moja, umtazame badala yangu tangu mwanzo hadi mwisho, kisha uniandikie yote: alipanda vipi, alipinduka wapi, na kama alikuwa mzuri. Hilo la mwisho liandike kwa herufi ndogo.

Nisalimie shemeji, mwambie sigara zitamuua lakini tunampenda. Mbusu kila mjukuu paji la uso. Mungu akupe afya, tuonane tena kabla magoti hayajatukataza.

Na madoa haya, dada, usiwaambie watoto ni machozi. Kila nilipoliandika jina lake, nimeitemea karatasi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Evanthia