Nafasi ya Nane Chini ya Mtakatifu Elpidio

Lango la Kale,
Roccamerla.
19 Agosti 2018

Mpendwa mwanangu Ivo,

Barua hii inatoka kwa mtu ambaye akihama Roccamerla leo, kesho mnara utainama kumtafuta. Meya analijua hilo, ila kiburi kinamzuia kusema.

Hujambo lakini? Mkeo na mtoto hawajambo? Na lile bega lililokuwa likikuuma kwa kubeba vigae, limepona? Nijibu ukweli, maana swali la bega lina sababu yake. Mimi ni mzima kama jiwe la ukutani, isipokuwa goti. Mama yako naye anapumua vizuri. Anashinda dirishani akitazama madirisha ya jirani yaliyofungwa.

Mji wetu unazidi kusifiwa. Juzi nilikuwa langoni nawasimulia Wajerumani jinsi babu yetu Ubaldo alivyobingirisha jibini kubwa kama gurudumu la mkokoteni, likashuka mlima mzima na kumvunja miguu farasi wa mfalme wao aliyetuzingira. Mmoja akaniuliza jibini la aina gani. Nikamwambia la kondoo, la ng'ombe lingepasuka njiani. Wakapiga picha, wakala, na jua lilipozama basi lao likaondoka nao. Hapo ndipo mji unapokuwa wetu, Ivo, na hapo ndipo unaponitisha. Kila jiwe liko mahali pake tangu enzi za wapiga upinde. Watu ndio hawapo. Kwa Bruno sasa ni nyumba ya wageni. Kwa mwokamikate pia.

Sasa nisikilize. Sikukuu ya Elpidio ni Jumapili ya pili ya Septemba, na mtaa wetu hauna wabebaji. Unalijua lile jukwaa la mwaloni la kubebea sanamu yake: watu wanane, wote waliobatizwa kwenye birika letu, wala hatukodi bega la mtu wa nje. Tuko saba. Kengele ya jioni ikilia kabla hatujamfikisha kanisa kuu, sheria ya wazee ni ile ile: mtakatifu anabaki Mtaa wa Juu, haturudishiwi tena. Na kanisa letu bila mtakatifu litafungwa. Kuna bwana kutoka mjini ameshapima mlango wake. Anataka kuweka mabafu ya wageni.

Fosca, kapteni wa Mtaa wa Juu, alinikuta baa mbele ya watu wote.

"We Gualtiero! Mwaka huu mtamfunga mtakatifu magurudumu?"

"Mtaa wangu una mabega mengi kuliko meno yako, bibi!"

"Mabega yapi? Mimi naona matumbo tu."

Baa nzima ikaangua kicheko, hata wa kwetu. Lakini watu walipotawanyika alinisogelea, akaniambia polepole, "Kaka, muite yule kijana wa dada yako Nunziata. Miaka yote hii nimeomba niwashinde. Si hivi."

Ivo mwanangu, adui akikuonea huruma, ujue umekwisha. Tangu siku hiyo silali. Mtakatifu amekaa na mji wake mdogo kiganjani, na minara yote, akinitazama. Yeye ametubeba miaka mia saba, na sisi tunashindwa kumbeba mlima mmoja. Mimi ndiye niliyekushika siku ya ubatizo wako, ukapiga kelele mpaka njiwa wakahama mnarani. Birika lile linakujua. Njoo. Uza chochote, gombana na bosi wako, lakini njoo.

Mwambie ndugu yako Tullio asijisumbue. Najua duka lake halina wa kuliangalia, na wewe mmoja unatosha.

Nisalimie mkeo Renata na mtoto, na shangazi Ersilia mkionana naye. Mama yako anawabusu nyote. Elpidio awafunike kiganjani mwake, nanyi msianguke.

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda kuliko kalamu inavyojua kusema,
Gualtiero

Nimeifungua tena bahasha. Kuna jambo dogo. Unakumbuka ninavyosimulia kwamba miaka yote nabeba nafasi ya katikati, penye uzito wote? Nafasi ni ile kweli. Ila mbele yangu alikuwa Bruno, nyuma yangu baba yako marehemu, wote warefu kama milango, na mimi unanijua kimo changu. Ule mti wa jukwaa haujawahi kunigusa bega hata siku moja. Nilikuwa natembea chini yake tu, nimekunja uso, na jasho lilikuwa la mlima. Nadhani mama yako anajua.

Kwa hiyo hatuko saba. Mlete na Tullio.