Sukari Imeshuka

Jumatatu, 3 Februari

Joto. Umeme umekatika mara mbili kabla ya saa nne, na spika za maduka ya chini hazina habari kwamba huku ghorofa ya nne tunarekodi. Kazi yangu ni sauti. Nawavisha washiriki maiki kifuani, kisha nakaa nyuma ya pazia na hedifoni. Shindano la mapishi limebakiza watu sita. Nampenda Bi Zuhura, mama wa Lindi anayeuza chapati Buguruni. Ameshagundua kwamba akinong'ona, mimi tu ndiye ninayemsikia. Leo tena kaiinamia maiki yake: "Mwanangu, umekunywa chai?" Nikacheka peke yangu kama chizi.

Jumanne, 4 Februari

Nimegombezwa mbele ya watu wote. Nilisimamisha kamera kwa sababu ya honi ya lori. Kaka Deo, dairekta wetu, kasema nikikata picha yake tena nisirudi. Nimelia chooni. Mwanamke mzima mimi.

Jumatano, 5 Februari

Sitaki kuandika. Naandika.

Bi Zuhura ana ugonjwa wa sukari. Asubuhi alichoma sindano yake, akawa anakwenda kula, tukamzuia: dakika tano tunaanza. Fundi wa taa yuko kwenye foleni. Dakika tano zikawa saa moja na nusu. Nilipokuwa namvisha maiki alinieleza kwamba ameshachoma sindano na bado hajala. Nikamwambia avumilie kidogo.

Pishi lilikuwa kalimati. Kila meza na bakuli lake la sukari, na sheria yetu ile: anayeonja kabla ya filimbi anatolewa.

Katikati ya pishi akanong'ona kwamba sukari imeshuka. Nikatazama skrini. Jasho. Mikono inatetemeka, unga unamwagika. Kaka Deo akafurahi, akasema mama kabanwa na shindano, kamera isitoke kwake. Zilikuwa zimebaki dakika nne. Nikaona nisubiri filimbi.

Hakuifikia. Alianguka na meza. Sukari yote ilimwagika, hajaonja hata chembe.

Mama Kirti wa meza ya pili ndiye aliyejua la kufanya. Alilowesha sukari kwa kidole, akampaka ndani ya shavu, huku akitufokea sote. Lifti mbovu. Tulimshusha kwenye kiti, ghorofa zote nne. Gari la wagonjwa halikuweza kupenya mtaani, basi wapagazi wakatupa mizigo yao chini, wakampakia kwenye mkokoteni hadi barabara kubwa. Kiatu chake kimoja kilibaki ngazini.

Kaka Deo akaniuliza kama alisema chochote. Nikajibu: alisema sukari imeshuka, nikadhani anasema bei.

Sijui lilitoka wapi. Lilitoka lenyewe.

Alhamisi, 6 Februari

Amezinduka. Anaongea. Alhamdulillah.

Ofisini wamenipa jina, Sukari Imeshuka. Kila anayepita ananiuliza imeshuka duka gani, na yeye akanunue. Hata Kaka Deo kanipigapiga begani, kasema hiyo ingempata yeyote. Nimecheka pamoja nao. Nimecheka! Hakuna hata mmoja aliyenikasirikia.

Ijumaa, 7 Februari

Nimebaki peke yangu saa ya chakula, nikaisikiliza ile sauti. "Mwanangu, sukari yangu imeshuka. Mikono haishiki. Waambie nilambe kidogo, wasinitoe. Mwanangu, unanisikia? Mwanangu."

Bei iko wapi hapo?

Nimelelewa na bibi mwenye sukari. Nilielewa tangu neno la kwanza. Niliogopa kufokewa. Basi, hakuna kingine. Mtu alikuwa anakufa sikioni mwangu, mimi naogopa kufokewa. Najiona takataka.

Jumapili, 9 Februari

Nimeenda Buguruni na kiatu chake kwenye mfuko. Amerudi kazini, mwanawe anasukuma, yeye anachoma. Shikamoo. Marahaba, mwanangu. Akanikalisha kwenye benchi, akanipa chapati ya moto. Akasema nisijitese, watu wa kipindi wamemweleza, neno lenyewe linachanganya. Akacheka mpaka akafuta machozi.

Ningeweza kula, nikashukuru, nikaondoka.

Nikamwambia: "Nilisikia, mama. Na nilielewa. Niliogopa kugombezwa."

Akageuza chapati iliyokuwa kwenye moto. Akaitoa, akaweka nyingine. Wateja wakaja, akawachangamkia wote kama kawaida yake. Mimi nimekaa pale, chapati inapoa mkononi.

Nilipoinuka akanifungia mbili kwenye gazeti. Akanipa kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa.

"Haya, dada. Asante kwa kiatu."

Nimerudi nyumbani. Nimefua. Nimepiga pasi nguo za kesho. Chapati ziko mezani, sijazifungua.