Kataa ka Silinda Nne

Kawale, Lilongwe
Tarehe 24 Agosti 2025

Yaya wangu Léoncie,

Jambo sana. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, Mama na batoto. Mguu wa Mama umepunguza kuvimba? Na Olga wako, ile homa imemwachilia? Mi mwili uko salama. Baridi ya huku imelegea, sasa vumbi njo limeshika zamu, na tunakohoa wote. Barua hii nimempa Mamy, yule anayeuza vitenge sokoni hapa Kawale, kwa sababu anakuja huko kambini Dzaleka Jumanne. Ningeweza kukupigia simu, lakini ungenikata katikati, na mambo yenyewe yananichanganya hata mi ninayeyaandika. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kukasirika.

Najua tangu mwezi wa sita umetoka kwa shemeji Épitace, ukabeba batoto na magodoro, ukarudi kwa Mama. Uliniambia hukukimbia Bukavu na kuolewa na Mrundi mpole ili uje kuitwa bibi ya mwizi wa esansi ya gari kila unapoteka maji. Siku ile nilinyamaza. Ukafikiri ninakuunga mkono.

Unalikumbuka gari la Madamu Kaphuka, lile jeusi, kubwa, ambalo shemeji alikuwa anamwendeshea mpaka Mponela kwenye biashara ya tumbaku. Injini yake ina silinda nane, na silinda nane zinakunywa. Lakini waliolitengeneza waliweka ujanja. Ukiwa kwenye barabara nzuri, mwendo wa sawasawa, bila mlima, silinda nne zinajifunga zenyewe, na nne zilizobaki zinasukuma gari. Hapo mbele ya dereva kunawaka taa ndogo, kataa ka kijani. Ukikanyaga kwa nguvu kanazimika, zote nane zinaamka. Shemeji alikapenda sana hako kataa. Aliniambia anakanyaga kama mtu anayepita chumba cha mtoto aliyelala, ili kasizimike mpaka Mponela.

Mwezi wa nne, Madamu aliona kwamba kwa safari zilezile gari linamaliza kama lita kumi zaidi kila juma. Unajua esansi ilivyo mwaka huu: watu wanalala kwenye foleni, na kule Chinsapo inauzwa kwenye chupa pembeni ya njia. Lita kumi ni nusu ya bidon, lile dumu la kubebea esansi. Hakufikiria injini. Alifikiria bidon. Alileta gari kwenye garaji ya patron wangu Lévi, nikalipima mi mwenyewe. Hakuna kilichovuja, plagi nzima, matairi mazima. Madamu alivumilia, akapima tena mwezi wa tano, zikawa kumi zilezile. Mwezi wa sita akamfukuza shemeji, mbele yetu wote.

Akachukua dereva mwingine, Dany, kijana wa kanisani kwake ambaye anaogopa hata kupiga honi. Baada ya majuma matatu Madamu akarudi garajini. Lita kumi bado zinapotea. Alikaa kwenye benchi yetu akiwa na uso wa mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Akaniuliza kwa Kiingereza kama Dany naye ni mwizi. Nilisema sijui. Kweli sikujua, Yaya. Nilifungua injini, nikaifunga, nikaifungua tena. Mashine ilikuwa nzima na haikuwa nzima. Nilianza kufikiri labda ni esansi yenyewe imechanganywa, au labda mi si fundi.

Mwishowe nikatoa kile kitabu kinachokaa kwenye sanduku la mbele la gari. Hakuna aliyewahi kukifungua, kurasa zilikuwa bado zimeshikana. Nilikisoma siku mbili, neno kwa neno, na kamusi ya simu. Njo nikaelewa kwamba kinachofunga zile silinda nne ni oili ya injini. Oili inasukuma pini ndogo sana, na inatakiwa iwe nyepesi, ya namba iliyoandikwa pale. Oili ikiwa nzito, pini hazisogei kwa wakati, kompyuta ya gari inakata tamaa, na silinda nane zinakunywa safari nzima.

Mwezi wa nne mi njo nilibadilisha oili ya gari lile. Nyepesi haikupatikana mjini. Tulikuwa na pipa la oili nzito ya malori, na nilijiambia injini kubwa inataka oili yenye nguvu. Nikamwaga hiyo. Lita kumi za Madamu hazikuenda Chinsapo, Yaya. Zilichomwa kwenye injini, na aliyezichoma ni mi.

Nilikaa na jambo hilo tumboni majuma matatu. Kisha nikamwomba Lévi aagize oili ya kweli Blantyre. Ilipofika nilisafisha injini, nikabadilisha, na Alhamisi iliyopita tukaenda kujaribu, Dany kwenye usukani, Madamu nyuma. Karibu na njia panda ya Dowa, kataa kakawaka. Madamu akauliza hako ni kitu gani. Nikamweleza kila kitu. Akaniuliza swali moja tu:

"Épitace hakuona kwamba taa imezimika?"

Hapa njo penye uzito, Yaya. Aliona. Alikuja kuniambia mara mbili, siku zilezile za mwezi wa nne. Mara ya kwanza nilimjibu, "Shemeji, taa si injini. Gari linatembea? Basi endesha." Mara ya pili nilimwambia nina kazi. Na siku ile anafukuzwa, Madamu aliniuliza kama dereva aliwahi kuleta lalamiko lolote. Nilisema hapana. Shemeji alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Alinitazama, akatazama chini, akampa Madamu funguo za gari. Niliogopa Lévi angenifukuza. Nilifikiria dawa za Mama ninazonunua kwa mshahara huu. Hiyo si sababu, lakini njo niliyofikiria.

Nilimjibu Madamu kweli. Akamwambia Dany asimamishe gari, na mi nishuke. Walinibwaga pale njia panda. Nikachukua kabaza mpaka Dzaleka, mwenye baiskeli akinisimulia habari za mahindi yake, na sikusikia hata moja.

Nilimkuta shemeji anafyatua matofali ya watu, matope mpaka kwenye viwiko. Kabla sijamaliza kusema, aliniuliza, "Kamewaka?" Nikasema kamewaka. Akacheka, Yaya. Alicheka kweli. Nilimuuliza kwa nini siku ile hakunisema. Akajibu, "Ningekusema, Mama yenu angekosa dawa. Mi nilifikiri nitapoteza kazi tu. Sikujua nitapoteza na bibi."

Halafu akaniomba nisikuambie. Madamu alimpigia simu tukiwa palepale, anamtaka arudi kazini. Ameomba juma moja. Anasema akirudi kwenye lile gari, kambi yote itajua hakuiba, nawe utarudi kama kila mtu. Anataka urudi kabla, kwa sababu unamjua. "Nisitetewe na gari mbele ya bibi yangu," alisema hivyo, na akaendelea na matofali yake.

Sasa mi niko hapa, Lévi amenishusha mpaka kuosha vyuma. Mara ya kwanza nilinyamaza, nikaharibu nyumba yenu. Leo nimesema, na nimevunja neno lake, na labda nimeharibu tena. Ningenyamaza na we usirudi, ningekuwa nimemwibia mara mbili. Sioni njia iliyonyooka. Juma lenyewe linaisha Alhamisi. Ukienda, usimwambie umesoma barua hii. Hapana, mwambie. Sijui, Yaya. Mi najua injini, tena nusu. Épitace unamjua we.

Nisalimie Mama, umwambie dawa za mwezi huu zinakuja na Mamy kwenye mfuko mwekundu. Wabusu batoto. Mungu awalinde wote wa pale nyumbani, na akupe moyo wa kunisamehe siku utakayoweza.

Mi mdogo wako,
Byamungu