Mkoba wa Bastola Chini ya Buibui la Mama

Al Muraqqabat, Dubai
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Naandika nimekaa chini kwenye zulia, mgongo nimeuegemeza kitandani, na kabla ya neno lolote nataka kujua goti lako limeamkaje na kama kikohozi cha mwanangu Nasra kimekwisha. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Joto la huku tumeshazoeana. Usihangaike kuuliza kama nimekonda. Jirani yetu Bi Mwanaisha atakueleza mwenyewe, na atatia chumvi. Jana nilimkuta sokoni Bur Dubai amezungukwa na majora ya vitambaa, anagombana na mwenye duka kwa Kihindi cha kubahatisha, nikajiona niko barazani kwetu. Ndiye atakayekuletea barua hii pamoja na kifurushi, kama alivyoniletea ujumbe wako safari iliyopita, kwa kuwa ulisema mambo ya chuma hayazungumzwi kwenye simu.

Basi siku ile nilikunjua karatasi yako nikaona umeichora bastola ya marehemu Baba kwa kuizungushia penseli, vile tulivyokuwa tukichora viganja vyetu skuli. Ndani yake umetia uzi wenye mafundo: fundo la bega, fundo la kwapa, fundo la kiuno. Na maneno machache tu: nikutafutie mkoba wa kuvaa begani, wa kuifichia hiyo chini ya buibui. Nilicheka, Mama. Kisha nikalia. Wanjiru, yule msichana wa Nairobi ninayekaa naye chumba kimoja, akauliza nani amekufa. Nilipomweleza akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Wah! Mathe wako ni noma! Wangu hata panya anaogopa."

Lakini mimi najua hukuanza kwa ujasiri. Ni wale vijana wawili waliokubana ukutani pale uchochoroni jioni uliyofunga duka, wakakupokonya mfuko wa vidani vya dhahabu, wakakuacha umekaa chini na Nasra yuko mgongoni kwenye mbeleko analia. Tangu niisikie habari ile, nikifumba macho nauona uchochoro umekuwa mrefu kuliko ulivyo, wewe unatembea, na mlango wa nyumba yetu unarudi nyuma polepole. Kwa hiyo uliposema umekwenda kuomba kibali kwa jina lako, ukalenga shabaha mbele ya maaskari na ukaipata, sikukukataza. Nani angekukataza wewe? Ninachotaka ni kimoja tu: mfike nyumbani salama, wewe na mwanangu.

Huku si mahali pa mtu kama mimi kuulizia vitu vya silaha ovyo. Niliuliza kwa adabu, nikaelekezwa kwa Bi Zuwena, mama wa Kimanga, Mwarabu wa Oman aliyelelewa Unguja, ambaye ana duka la matandiko ya farasi na vifaa vya wawindaji hapa Deira. Walinzi wa wakubwa huenda kwake kushonewa mikoba yao. Dukani kunanukia ngozi na nta, na mikanda inaning'inia kutoka darini hadi unapita ukiisogeza kwa mkono kama mapazia. Nilimwambia ni kwa ajili ya mama yangu. Akavua miwani.

"Mamako ana umri gani?"

"Ana wajukuu, Bi."

Akaweka kiganja juu ya mchoro wako, na kiganja hakikuufunika. "Hii si bastola, mwanangu. Hili komeo la mlango. Ndo atie chini ya buibui?"

"Ndiyo, Bi. Na isionekane."

"Haya. Twende kazi. Mimi nshashona mengi, lakini hili la leo nitalihadithia."

Akaniletea mikoba miwili. Katika wa kwanza bastola hulala chini ya kwapa la kushoto, mpini mbele, mdomo nyuma. Kuichomoa ni rahisi, mkono wa kulia unavuka kifua basi. Katika wa pili bastola husimama, mdomo ukitazama chini, na kijikanda kinaushika mkoba kiunoni usicheze unapotembea. Huo si mwepesi kuchomoa, lakini kwa chuma kirefu kama chetu ndio unaoficha, maana kikilala kitachomoza nyuma ya kwapa watu wadhani umebeba mwiko wa pilau. Mikanda iwe mipana, akasema, kwa sababu mwembamba utamla bega. Na upande wa kulia kuwe na kifuko cha risasi za akiba ili uzito ulingane, la sivyo utakwenda umepinda na mtaa mzima utauliza una nini. Aliniazima yote miwili, pamoja na gogo la mti lililotiwa chuma ndani, ambalo huliingiza kwenye ngozi kupimia. Halifanani na bastola kwa mbali wala karibu, lakini lina uzito wake.

Unaijua kazi yangu, kuuza mabuibui. Adhuhuri ikipita duka huwa tupu. Madam, mwenye duka, huenda kwake kupumzika, mwanga wa nje unakuwa mweupe hadi barabara haionekani, na ndani ni baridi na kimya, mimi na zile sanamu zisizo na vichwa zimesimama safu. Nilitafuta sanamu iliyokubaliana na uzi wako. Nikaivika ule mkoba wa kulala, nikatia gogo, nikaifunika buibui pana la mtindo unaoupenda wewe, wa zamani, usio na mbwembwe. Kisha nikarudi nyuma kutazama.

Mama, ulikuwa wewe. Bega la kushoto limeshuka kidogo, vile unavyosimama ukisubiri mteja aache kupunguza bei. Nilisahau kama kuna ngozi na gogo ndani. Nilisema kwa sauti, "Umekula?" Sijui nilingoja muda gani nijibiwe. Kipoza hewa kilikuwa kinatikisa pindo la buibui, na mimi nasubiri useme umekula, na mboga ilikuwa nini.

Kisha nikaizunguka sanamu ili nione kama nyuma panachomoza. Hapo ndipo nilipozinduka. Nilipouinua mkono wake na kusogeza kitambaa, ncha ya gogo, mahali pa mdomo wa bastola, ilikuwa inanitazama mimi niliye nyuma. Nikakumbuka mbeleko. Nasra anapochoka, ni hapo nyuma ya kwapa lako la kushoto anapolaza shavu, na kidole mdomoni. Niliuvua mkoba ule mbio, utadhani gogo lingelipuka. Huo sitakuletea.

Ukabaki ule wa kusimama. Huo niliuvaa mimi chumbani, nikashinda nao siku yangu ya mapumziko: napika, nakunja nguo, nasali nimeuvua, nauvaa tena. Nilitaka kujua bega lako litasema nini. Bega halikusema kitu, mikanda ni mipana. Alasiri Wanjiru akarudi amefurahi, amepandishwa cheo hotelini kwao, akanirukia kunikumbatia kutoka upande wa kushoto. Akagonga mbavu kwenye gogo.

"Aii! Rukia, hii kitu yako itaniua!"

Na mimi nikamwambia, bila kufikiri, "Njoo huku kulia."

Maneno yalipotoka nilikaa kitandani. Hayakuwa maneno yangu, Mama. Unamkumbuka Baba akirudi dukani na koti lake, joto lote lile la Mombasa na yeye hataki kulivua mpaka sisi tumekwenda kulala? Tukimkimbilia, kila siku neno lake lilikuwa hilo. Njoo huku kulia. Alinikalisha paja la kulia, alinishika mkono wa kulia, na nikisinzia kichwa changu kilikuwa kifua cha kulia. Nami chuoni, kwenye Kurani, nilikuwa nimefundishwa kwamba kulia ndiko kwa heri: tunakula kwa kulia, tunaingia msikitini kwa kulia. Nikajiona mtoto mwenye bahati, babangu ananiweka upande wa baraka. Niliwaringia hata wenzangu kwamba baba zao hawajui sunna.

Nimeishi na hilo hadi utu uzima. Baadaye nilijua kama alikuwa na bastola, ulituonyesha mwenyewe baada ya eda, lakini sikuunganisha mambo. Hadi nilipouvaa mkoba na mwenzangu akanijia kwa furaha nikamsukuma upande wa pili.

Moyo uko kushoto, Mama. Miaka yote ile sikuusikia moyo wa Baba. Siku ya kumuaga, nilipoambiwa nimbusu kipaji cha uso, niliinama nikateleza, na shavu langu likaangukia kifuani mwake upande ule ambao sikuwahi kuulalia. Nilidhani ni kilio tu kilichonizidi siku ile. Sasa najua nilikuwa nasikiliza, na nilikuwa nimechelewa.

Simlaumu. Alikuwa anatulinda, na kwa kweli tulilindwa. Nilisinzia na mawazo hayo pale pale na mkoba mwilini, nikamwota amekaa kibarazani na koti. Nikamwomba anionyeshe upande wa kushoto. Akafungua koti taratibu, na mle ndani hamna mkoba, yumo Nasra amelala.

Nilirudi kwa Bi Zuwena na uzi wako. Nikamwambia nautaka wa kusimama, ngozi laini, mikanda mipana, lakini abadilishe kitu kimoja. Mikoba yote ina vifungo viwili mgongoni, na kuivua ni shughuli. Nikataka kifungo kimoja tu mbele ya kifua, cha kufunguka kwa mkono mmoja. Akanitazama sana.

"Wateja wangu wote wataka bastola itoke upesi," akasema. "Wewe wa mwanzo kutaka mkoba ndo utoke upesi."

"Ndivyo, Bi."

"Haya, khalas. Nimekufahamu."

Aliushona mwenyewe. Ndio huo ulio katika kifurushi. Buibui nililoliweka juu yake nimelifumua mshono wa ubavuni, upenyo wa kupitisha kiganja, na nimeufunika kwa mkunjo usionekane. Jaribu kwanza bila chuma mpaka mkono uzoee njia.

Sasa nakuomba mambo mawili, na naomba kama mwana, si kama mtu anayekuamuru kutoka ng'ambo. La kwanza, bastola na mbeleko visikae mwili mmoja. Siku unayobeba vidani, wifi Salma aje amchukue Nasra mapema, kabla ya alasiri, na wewe ufuate baadaye na chuma chako. Nimeshasema na kaka Khalid kwa simu, bila kutaja chuma, na amekubali mkewe atakuja. La pili, ukifika mlangoni, kabla Nasra hajakukimbilia, ingia chumbani, fungua kile kifungo, tia kila kitu kwenye sanduku la chuma na ufunguo uuvae shingoni. Usimwambie aje kulia. Atakuamini kama nilivyoamini mimi, na hatauliza.

Nisalimie kaka Khalid, na wifi Salma umwambie asante yangu haitoshi, nitamletea doti ya leso za kuchagua kwa macho yangu. Shangazi aliyevunjika mkono nisalimie kwa taratibu, na mwalimu wangu wa chuo mwambie bado nasoma. Fundi wetu wa dukani mwambie asiache kukusindikiza hata akisikia sasa mama ana meno.

Salamu za Nasra usimpe kwa mdomo. Ukishauvua mkoba, mpakate, mlaze upande wa kushoto, unyamaze mpaka asikie. Hizo ndizo zangu.

Mwanao akupendaye,
Rukia